Mtani Wangu na Picha Zisizo na Uso

Habari ya msiba ilinikuta Jumanne asubuhi, imekaa kwenye simu katikati ya tangazo la maji kukatika na picha ya mbuzi aliyepotea. Ndivyo zinavyotufikia habari siku hizi katika kundi la mtaa wetu hapa Kinondoni. Fundi picha wetu ametangulia mbele ya haki. Mazishi leo hii baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwao Temeke. Niliisoma mara mbili, nikashuka chini kuangalia kama mbuzi ameshaonekana, kisha nikagundua kwamba namtafuta mbuzi kwa sababu sitaki kurudi juu. Baadhi yenu mnamfahamu mtu huyu bila kujua. Miaka minne iliyopita niliandika habari zake katika safu hii hii, bila kumtaja jina kama ilivyo desturi yangu, na wengi mlicheka. Mliniandikia kwamba ile ilikuwa miongoni mwa safu zangu bora kabisa. Leo nataka kuisimulia upya, kwa sababu mara ya kwanza niliisimulia vibaya.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya kupanga, na ndani mlikuwa na stuli, pazia la bluu ukutani, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Mtaa mzima tulipita pale. Ukihitaji pasipoti saizi ya leseni, ya fomu ya shule au ya kitambulisho cha kazi, ulikaa kwenye ile stuli naye akakuamrisha kama mwalimu wa gwaride: "Inua kidevu. Masikio yote mawili nayaona? Usicheke, serikali haitaki meno." Siku ya kwanza nilipokwenda aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Tabora. Akaiweka kamera chini, akapiga makofi. "Mnyamwezi! Mbeba mizigo wa babu yangu huyu, kaja mwenyewe kwa miguu yake!" Nami sikumchelewesha. Nikamuuliza yeye, mvivu wa pwani, alijifunza kusimama akiwa na umri gani. Alicheka hadi akalazimika kukaa.

Kwa msomaji aliyekulia mbali na mambo haya, yeye alikuwa Mzaramo na mimi Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaruhusiwa kukutukania ukoo, kukuvua kofia kichwani, kuingia jikoni kwako akafunua sufuria. Anaruhusiwa hata kuja kwenye msiba wenu akamchekesha mfiwa. Wewe huruhusiwi kukasirika, na ukikasirika umeshindwa. Kwa miaka mingi tuliishi hivyo, mimi nikipita kila Jumamosi kumsalimia kwa matusi, yeye akinijibu kwa matusi makubwa zaidi kwa kuwa alinizidi umri. Sijawahi kuwa na rafiki aliyenitukana vizuri kama yule.

Sasa njoo kwenye picha. Simu zilipoingia kila mfuko, wateja walipungua, na kazi iliyobaki ilikuwa ile ya masikio mawili tu. Aliniambia kwamba nyuso zimemchosha, si kwa ubaya wake bali kwa sababu mtu akikaa mbele ya kamera ya kitambulisho hutoa uso mmoja tu, ule wa kuogopa kukosea. "Miaka thelathini napiga picha watu, mtani, na sijampata mtu hata mmoja," alisema. Siku moja alikuja mbeba magunia wa soko la Mabibo kupigwa picha ya kitambulisho. Alipoinama kufunga kamba ya kiatu, kola ikateremka, na fundi akaiona shingo kwa nyuma, pale mzigo unapokaa. Akamwomba aipige. Yule bwana alidhani anataniwa. Baadaye alikubali, labda kwa udadisi, labda kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuisifu shingo yake.

Nilimwona akifanya kazi hiyo mara kadhaa. Alifungua dirisha moja tu, la upande wa mashariki, akatandaza kaniki nyuma ya mtu ili weusi umeze kila kitu kingine. Halafu alichomoa lenzi ya kamera yake, akaigeuza nyuma mbele na kuishikilia kwa mkono, na kwa njia hiyo angeweza kusogea hadi karibu kuigusa ngozi. Ukipumua tu, picha imeharibika. Kwa hiyo walikuwa wakishikilia pumzi wote wawili, mpigaji na mpigwaji, na chumba kikawa kimya kwa namna ambayo nyumba za kupanga za Kinondoni hazijui. Zile picha alizitoa za nyeusi na nyeupe. Nilimuuliza kwa nini, maana hata televisheni za nyeusi na nyeupe tulishazitupa. "Rangi ina umbea," alinijibu. "Inakwambia huyu mweupe, huyu mweusi, huyu kajichubua. Mie nataka ngozi inyamaze kwanza, halafu iseme yenyewe."

Tulicheza mchezo wa kukisia. Alinipa picha, mimi nikasema ni mchanga baada ya maji kupwa, yeye akasema ni kisigino cha bibi muuza dagaa. Nikasema ni gome la mti, kumbe ni vifundo vya vidole vya mchinjaji wa Vingunguti. Kuna moja nilikisia kuwa ni mfereji katika shamba la mpunga, nayo ilikuwa kope ya jirani yetu mzee wakati amelala kidogo. Nilikuwa sipatii hata moja, na kila nilipokosea alifurahi. Mara nyingine nilitoka pale nikiitazama mikono ya watu barabarani hadi wakaanza kunitazama mimi. Nawaambia ukweli, zile picha zilikuwa nzuri. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo linalofanya dhambi yangu iwe dhambi.

Watu walimkubalia kwa sababu ya ahadi moja. Kila aliyekaa mbele ya ile kaniki aliambiwa: uso hautakuwamo, jina halitakuwamo, na hakuna atakayejua kwamba ni wewe. Katika mtaa ambamo mtu akipika samaki majirani wanajua wangapi, ahadi hiyo si ndogo. Kwa ahadi hiyo alikuja mama mmoja anayeuza chapati karibu na kituo cha bajaji. Wote tulimjua kwa mikono mirefu ya gauni lake, Dar es Salaam hii, mwezi wa Februari, jua linachoma hadi kivulini. Aliwahi kumwagikiwa na mafuta ya moto akiwa binti, na bega lake la kushoto lilikuwa na kovu ambalo hata mumewe, nasikia, alilijua kwa kupapasa zaidi kuliko kwa kuliona. Alikuja kupiga pasipoti saizi, akaziona zile picha ukutani, akaondoka. Baada ya wiki mbili akarudi na wifi yake wa kumsindikiza, akafungua vifungo viwili, akashikilia pumzi.

Sikuwapo siku hiyo. Picha niliionyeshwa Jumamosi, na ilikuwa bora kuliko zote. Fundi alikuwa amefikisha picha kama arobaini hivi, na alitaka kufanya maonyesho: kuzitundika kwa siku tatu kwenye ukumbi mdogo wa mtaa, watu waingie bure. Hakuwahi kuniomba kitu kwa maneno ya kawaida, ila siku hiyo aliomba. "Mtani, una gazeti. Niandikie. Watu waje waone, maana mie nikifa hapa nitaacha masikio ya watu tu." Nikamwambia hilo limekwisha, ahesabu watu wamejaa.

Nikaandika. Safu ilitakiwa mezani kwa mhariri jioni ile, na mwandishi anayekimbizana na saa hushika kilicho karibu. Kwangu kilicho karibu ni utani. Niliandika juu ya fundi aliyechoshwa na sura za watu akahamia visigino, kwamba tukisubiri kidogo tutaletewa pasipoti saizi za magoti, na afisa wa uhamiaji atakuomba uvue soksi. Hayo yangepita, yangemchekesha hata yeye. Lakini safu ilipungua aya moja, na ili kuijaza nikaleta lile bega. Nikaandika kovu, nikaandika mafuta, nikaandika gauni la mikono mirefu na chapati na kituo cha bajaji. Nikasema sasa ndiyo tumejua kwa nini chapati zile zina ramani. Sikumtaja jina. Katika miaka yangu yote ya kuandika sijamtaja mtu jina, na nilijivunia hilo kama mtu anayejivunia kwamba hajawahi kupigana.

Gazeti lilisomwa kwa sauti kwenye kijiwe cha kahawa kabla jua halijapanda. Kufikia saa nne madereva wa bajaji walikuwa wamejipanga kwenye benchi la chapati, wakiomba waonyeshwe ramani. Kufikia adhuhuri shemeji zake walikuwa wamekaa kikao kutaka kujua mke wa ndugu yao alivuliwa nini na nani. Yule mama alifunika jiko lake, akaenda moja kwa moja studio. Wengine wakafuata siku ile na ya pili yake, maana kila aliyepigwa picha alijiuliza ni lini na yeye ataandikwa. Fundi hakubishana na mtu. Aliwakalisha mmoja mmoja kwenye stuli, akampa kila mtu picha yake mkononi, akamfungulia kompyuta na kumuuliza, "Nifute au nisifute?" Wote walisema futa. Akafuta wanaona. Arobaini zikaisha, na ukumbi wa mtaa ukapangishwa kwa sherehe ya kipaimara.

Nilikwenda Jumamosi kama kawaida, nikiwa na kicheko tayari mdomoni. Alikuwa anatundika upya lile pazia la bluu. "Mnyamwezi," aliniambia bila kugeuka, "nilikupa mbuzi umchunge, umemla na kamba yake." Nikacheka. Yeye pia alicheka. Kisha akanieleza yaliyotokea kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua, na kila alichosema kikanishusha chini kidogo. Nikamuuliza kama amekasirika. "Mtani hakasirikiwi," alijibu. Nami, mjinga niliyesoma, nikaichukua sentensi ile kama msamaha. Nikatoka pale nimepumua. Sikujiuliza kama mtu aliyefungwa mdomo na mila anaweza kusema kitu kingine.

Tukaendelea kutaniana kwa miaka minne. Hakupiga tena picha hata moja ya namna ile. Kaniki niliiona imefunika mtungi wa maji. Mara mbili tatu nilijaribu kuomba radhi, na kila nilipoanza kwa sauti ya chini aliniwahi kwa matusi ya babu yangu, tukaishia kucheka. Ningeweza kusisitiza. Ningeweza kumshika mkono na kusema leo si mtani wako anayezungumza. Sikufanya hivyo kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi, na mimi rahisi naipenda. Alipoanza kuugua kifua nilimpelekea machungwa na mzaha mpya. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, nami nimeinukuu methali hiyo mara nyingi katika safu hii, nikiwaelekezea wengine.

Tangu Jumanne nafikiri sana juu ya kazi yake na yangu. Siku hizi kila mmoja wetu ni mpiga picha. Ajali ikitokea, simu zinatangulia kabla ya mikono ya kumwinua majeruhi. Mtu akilia makaburini tunamkuta mchana huo huo kwenye simu za watu asiowajua. Katikati ya mji huu alikuwapo mtu aliyeuliza mara mbili, kabla ya kupiga na kabla ya kufuta, na kazi yake ndiyo tuliyoiona kichekesho. Yeye aliondoa uso akabakiza mtu, na hakuna aliyejulikana. Mimi niliondoa jina nikabakiza kila kitu kingine, na mtaa mzima ukajua. Nilikuwa nikiamini kwamba tunafanya kazi moja.

Msibani Temeke wanaume tulikaa uani kwenye mikeka. Kama mnavyojua, msiba wa watu wa pwani wenye watani haukai kimya moja kwa moja, na haikupita muda mjomba wake, mzee mwenye sauti, akauliza, "Yule mtani wake wa Kinondoni yuko wapi? Yule wa gazeti? Mbona kajikunyata kama mfiwa?" Watu wakanigeukia. Nilikuwa na haki ya kusimama, nimwigize marehemu, nidai kamera yake, nigome jeneza lisitoke hadi nibembelezwe. Nikasimama. Nikanyoosha kidole na kusema, "Inua kidevu! Masikio yote mawili nayaona?" Uani pakalipuka kicheko, hata mwanawe mkubwa alicheka huku anafuta macho. Nilikuwa nakwenda kwenye ile ya serikali na meno nilipomwona mama wa chapati akipita upande wa wanawake na sinia la vikombe. Alisimama akanitazama. Mjomba akasema, "Haya, mtani, endelea," nami nikashindwa, nikakaa chini. Wakadhani uchungu umenizidi, wakanipa pole, na kila pole iliniaibisha zaidi.

Tuliporudi kutoka makaburini nilimfuata alipokuwa akiosha vikombe. Alisimama, akafuta mikono.

"Shikamoo."

Nikaitikia, "Marahaba, mama. Sijui kama unanifahamu."

"Nakufahamu. Nilikuwaga nakusoma kila wiki."

Nikamwambia nilichokuja kumwambia: kwamba nilimkosea, kwamba sina sababu ya kutoa, na kwamba nilichelewa miaka minne. Alisikiliza hadi mwisho bila kunisaidia hata kwa mguno.

"Huyu mzee aliyezikwa leo alikuja kwangu mara tatu kuomba radhi," alisema. "Mara tatu. Alikaa na mume wangu, akakaa na mashemeji. Akasema kosa lake yeye, kamwonyesha picha mtu ambaye hakutakiwa kuonyeshwa. Jina lako hakulitaja. Sie ndio tulikuwa tunalijua."

"Picha yenyewe unayo?"

"Niliichana mbele yake. Nilikuwa na hasira." Alishika kikombe kimoja akakikung'uta maji. "Mie kovu langu sijawahi kulipenda, baba. Nililipenda siku kumi na moja, toka aliponionyesha ile picha mpaka gazeti lilipotoka."

Nikarudi kwenye mazoea yangu. Nikaropoka kwamba kwetu sisi watani maneno huwa hayana nia mbaya. Akanitazama usoni.

"Yeye alikuwa mtani wako. Mie si mtani wako."

Huo ndio ukweli wote, na ulihitaji maneno manane kutoka kwa mtu ambaye hajaandika safu hata moja. Utani ni mapatano. Mmoja anapiga, mwingine ana haki ya kupiga, na wote wawili wanajua mchezo. Mimi niliuchukua mchezo wa watu wawili nikamwingiza wa tatu aliyekuja pale kwa imani, kisha nikamwacha mtani wangu anilipie kwa kwenda kwenye nyumba ya watu mara tatu, naye kwa kuwa ni mtani hakuweza hata kuniambia kwamba amelipa. Nimempoteza, na pamoja naye nimepoteza picha arobaini ambazo nyinyi hamtaziona kamwe. Najuta. Sina namna ya kulipamba neno hilo.

Kabla sijaondoka nilimuuliza yule mama kama ananiruhusu kuandika haya. Akasema niandike, ila kwanza nimwambie nitasema nini, sentensi kwa sentensi. Tukakaa kwenye ngazi za nyuma, nikamweleza yote, naye akawa ananikatiza: hilo sawa, hilo toa, hapo badilisha. Kwa hiyo msiende kuwasumbua wauza chapati. Anachouza si chapati, hakai karibu na kituo cha bajaji, na kovu lake haliko begani. Liko wapi, nilimwahidi kutokusema. Miaka yote niliamini heshima ya mwandishi ni kutotaja jina. Heshima ni kumuuliza mwenye mwili wake, na akisema futa, ufute.